Mizani

Chumba chetu kipo juu ya duka la misumari, Tukuyu.
Mvua inapiga bati tangu Novemba na haijaomba radhi.
Tunaandika programu ya kupimia majani ya chai:
karani anatundika gunia, anabonyeza simu,
mkulima anapata ujumbe, kilo ngapi, shilingi ngapi.
Jambo dogo. Ndivyo tulivyomwambia mwenyekiti wa ushirika.

Mimi ni wa rasimu.
Nachora visanduku na mishale kwenye boksi la sabuni,
naandika, naendesha, inaanguka, naziba, naendesha tena,
kama anayevuka Kiwira jiwe baada ya jiwe
viatu vikiwa mkononi.
Lusekelo havuki mpaka ajue daraja linabeba nini.
Anaandika kwa penseli, herufi ndogo kama mbegu za mchicha:
kwa kila mkulima, kwa kila gunia,
kilichopimwa ndicho kilicholipwa, wala si zaidi.
Wiki mbili, ukurasa mmoja.
Nikamuuliza, hii ni programu au agano la kanisa?
Hakucheka.
"Anyisile, kichwa chako kinajaribu yale tu kinayoyaogopa."

Nilikuwa nimejaribu mara mia nne.
Mara mia nne ilikubali.
Penseli yake ikasimama mstari wa tisa:
makarani wawili, simu mbili, mtandao umepotea nyuma ya mlima,
gunia moja limepimwa bondeni, limepimwa tena barabarani;
mtandao ukirudi, simu zote mbili zinatuma,
na ushirika unalipa mara mbili kwa jasho la mara moja.
Nikasema, nani atafanya hivyo?
Alifanya mtu wa Ikuti, Jumanne, bila hata kukusudia.

Basi nikaamini penseli. Nikaamini kupita kiasi.
Tulishuka Ikuti na uthibitisho umekunjwa ndani ya nailoni,
tukausoma bandani, kati ya magunia, sauti ya mahafali.
Subilaga, karani, alisikiliza huku akifuta ndoano kwa kanga.
"Na Gwamaka? Anauza kwa namba ya marehemu mama yake,
shamba halijagawanywa.
Na wale ndugu watatu wanaochangia gunia moja?
Na maji? Majani yakinyeshewa nakata kilo mbili, kwa macho."
Lusekelo akatazama karatasi yake kama mtu aliyepanda basi sahihi
siku isiyo yake.
Hesabu haikuwa imekosea popote.
Ila *mkulima*, neno la kwanza kabisa,
hakuna aliyekuwa amemuuliza mkulima ni nani.

Tulikaa bandani siku tatu, tukila viazi vya kuchemsha.
Neno tukalifuta, tukaandika: mwenye namba, na walio nyuma yake.
Fedha tukaifungia kwa penseli, senti haitoki mara mbili
hata dunia ikatike katikati.
Rangi ya kitufe, salamu ya ujumbe, mpangilio wa skrini
tukaviachia boksi la sabuni na midomo ya watu.
Kuhusu maji tuligombana mpaka taa ikaisha mafuta.
Mwishowe: jicho la Subilaga likate, ila lisizidi kilo tatu,
na liweke jina lake.

Usiku ule, nikiwa sina usingizi, nikakumbuka mwalimu wa Kyimo
aliyetuhesabia silabi kwa vidole, nane kwa nane.
Nikaandika nyuma ya boksi:

*Pima kwanza kwa kauli, muulize mpimaji,*
*Kisha funga kwa kufuli, hesabu isiyo maji,*
*Neno likiwa si kweli, kithibitisho ni uji,*
*Kujaribu mia mbili, hakumlipi mchumaji.*

Asubuhi nikampa Lusekelo.
Alisoma midomo ikicheza, vidole vikikunjuka kimoja kimoja.
"Mwisho ni tisa," akasema.
Najua ni tisa.
Nimeiacha, kama Subilaga anavyoiacha nusu kilo
kwa yule mama mwenye mimba, akitazama kando.

Akachukua penseli. Akafikiri sana.
Akairudisha sikioni.